Mikono Mitatu ya Mama Hira

Ukitaka kujua Kokila yuko wapi Jumapili asubuhi, usihangaike kuuliza. Sikiliza tu. Pale unaposikia watu wanabishana, "Amesema kushoto!" "Mimi nimesikia kulia!", ndipo alipo, ameinamia kamera ya lenzi mbili iliyoning'inia kifuani, anachungulia ndani yake kutoka juu kama mtu aliyeangusha kitu kisimani. Kamera ile ilikuwa kongwe kuliko yeye mwenyewe, na kwenye kioo chake cha kuchungulia, kushoto huonekana kulia na kulia huonekana kushoto. Miaka yote hiyo Kokila hakuizoea, na mtaa mzima wa Limdi, mmoja wa mitaa mikongwe ya Ahmedabad, ulikuwa unalipa gharama ya kutozoea kwake.

"Mjomba, sogea kushoto kidogo," alimwambia muuza fafda, vile vitafunio vya kukaanga vya unga wa dengu.

Muuza fafda akasogea kushoto.

"Aa, siyo huko! Kushoto!"

"Binti, kushoto kwangu kuko huku tangu nizaliwe," alisema mzee yule, mwiko bado mkononi. "Labda kwenu kumehama."

Wateja wakaangua kicheko, na hapo hapo Kokila akafyatua, maana ndicho alichokuwa anakitafuta. Alipenda kupiga vitu ambavyo wengine hawavioni kuwa ni vya kupigwa picha: wanawake wakianika papadi, vile vikaki vyembamba vya dengu, juu ya vitanda vya kamba, kinyozi akimnyoa mteja aliyesinzia, ng'ombe aliyelala katikati ya kichochoro na pikipiki zikimngoja aamke kwa hiari yake. Vijana walikuwa na simu zao, wakipiga picha mia kabla ya chai. Mkanda wa Kokila ulikuwa na picha kumi na mbili tu, na kila moja aliipiga kama anavyochagua bilinganya sokoni: anaigeuza, anaibonyeza, anairudisha, mpaka muuzaji achoke naye.

Mumewe, Rasik, alikuwa na ugonjwa huo huo. Yeye alistaafu reli, mkewe alistaafu ualimu, na zamani kila mmoja alikuwa na kamera yake. Kisha siku moja Rasik akaiweka ya kwake ukingoni mwa baraza ili afunge kamba ya kiatu, ng'ombe akapita na mkia wake, na habari ikaishia hapo. Ikabaki kamera moja nyumbani, na kamera moja kwa watu wawili ni vita.

Vita vyenyewe vilihusu kuzungusha mkanda. Kamera za siku hizi hujifanyia kila kitu, lakini ile ilikuwa haijali. Usipozungusha mkanda, itapiga picha ya pili juu ya ya kwanza bila kukuonya. Rasik alifundishwa na mjomba wake, mpiga picha za harusi, kwamba mkanda huzungushwa kabla tu ya kufyatua, la sivyo unalegea na picha inakuwa na ukungu. Kokila alifundishwa na baba yake kwamba ukishafyatua, zungusha papo hapo, kama unavyofunga mlango ukitoka. Hakuna aliyekubali kubadilika. Basi kila walipoazimana kamera katikati ya mkanda, ama picha moja ilipotea bure, ama zilipatikana picha mbili zimelaliana. Wakati mmoja Rasik alimkuta mkwewe pichani akiwa na kuku kichwani. Baada ya hapo wakaweka sheria: mkanda mmoja, mtu mmoja.

Sheria hiyo ilifanya kazi vizuri mpaka siku ya Mama Hira.

Mama Hira aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao, nyumba ya mbao nyeusi zilizochongwa, na alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini. Alikuwa na wana wawili, Bhupat na Natvar, watu wazima wenye mvi, waliokuwa hawasemezani. Na hawasemezani kwa sababu ya tiara. Ndiyo, tiara, ile ya karatasi na njiti. Januari moja, siku ya sikukuu ya tiara, jiji zima likiwa juu ya mapaa, wakwe watarajiwa wa binti yake Bhupat walialikwa kuja kutazama. Bhupat akarusha tiara yake juu kabisa, akaanza kuwatambia wageni. Natvar, aliyekuwa upande wa pili wa paa hilo hilo, akamkatia uzi kwa uzi wa tiara yake mwenyewe. Kisha, na hapa ndipo kosa lilipo, akapiga yowe, "Nimekata!" Natvar anasema ni upepo. Bhupat anasema upepo haupigi yowe.

Tangu hapo nyumba ikagawanyika. Bhupat hutumia ngazi ya nyuma, Natvar ngazi ya mbele. Bhupat, ambaye tangu utotoni alishikiwa kigurudumu cha uzi na mdogo wake, sasa anashikiwa na mkewe, ambaye husinzia. Chumba cha katikati tu ndicho kilichobaki cha wote, kwa sababu ndipo ilipo bembea ya Mama Hira, bembea kubwa ya ubao na minyororo ya shaba. Asubuhi Bhupat huja kukaa na mama yake upande wa dirishani. Jioni Natvar huja kukaa upande wa ngazi. Mama Hira hukaa katikati daima, anaisukuma bembea kwa kidole gumba cha mguu, na huko nyuma, kabla ya tiara, walikuwa wakikaa wote watatu.

"Nataka picha," Mama Hira alimwambia Kokila siku hiyo alipomwita. "Mimi na wanangu wote wawili. Nitaitundika pale, pembeni ya ile ya marehemu baba yao."

"Mama, si mjukuu wako alikutengenezea moja?"

"Ile ya kompyuta?" Mama Hira akakunja uso. "Aliwachukua huku na huku akawabandika. Bhupat shingo kama ya twiga, Natvar hana masikio. Nimempa ng'ombe aile. Mimi sitaki picha ya uongo, mwanangu. Nataka ya mkanda. Mkanda hauwezi kuweka mtu ambaye hakuwepo."

"Nitakupigia, Mama," alisema Kokila. "Kabla ya siku yako ya kuzaliwa utakuwa nayo."

Aliahidi kwa mdomo mwepesi, na kabla hajafika kwake alikuwa ameshawatambia majirani wanne. Kisha akaenda kuzungumza na wenyewe.

"Akae yeye, mimi nitasimama mtaani nipungie mkono," alisema Bhupat.

"Mwambie nitakaa naye," alisema Natvar, "akikiri kwamba tiara yake ilikuwa chini ya yangu."

Kokila aliwabembeleza wiki nzima, akawapelekea hadi jalebi zinazochuruzika shira. Jalebi wakala, wao wakabaki vile vile. Alirudi kwa Mama Hira amenywea, akasema kilichobaki ni picha mbili: mmoja akae na mama, atoke, na mwingine aingie. Zitatundikwa bega kwa bega. Mama Hira akaisukuma bembea mbele na nyuma.

"Haya," akasema mwishowe. "Mbili, basi. Mtu atafanyaje."

Sauti yake ilimkata Kokila maini.

Jumapili ikafika. Kwenye kamera zilikuwa zimebaki picha mbili kamili, na mkanda mwingine ulikuwa bado njiani kutoka Mumbai. Kokila na Rasik waliisimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, ikitazama bembea na ule ukuta wa mbao nyeusi nyuma yake. Chumba kilikuwa na giza kidogo, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kutulia. Kokila akaifunga bembea kwa mtandio wake kwenye mguu wa kabati.

"Mama, na hicho kidole nacho kipumzike."

"Kidole kina mazoea yake," alilalamika Mama Hira, lakini akakikunja.

Bhupat akaja kwa ngazi ya nyuma, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, akakaa upande wake wa dirishani. Kokila ndiye aliyekuwa ameinama juu ya kamera wakati sauti ya Natvar iliposikika chini barazani, nusu saa kabla ya wakati wake.

"Mfalme wa tiara amemaliza? Au bado anachana nywele mbili zilizobaki?"

Bhupat akabadilika rangi, akataka kuinuka. Kokila akaona picha yake ikikimbia.

"Kaka Bhupat, kaa hapo hapo! Rasik, piga wewe, mimi nikamzuie!"

"Na sheria?"

"Sheria baadaye!"

Akashuka ngazi mbio, akamkuta Natvar ngazi ya tatu, akamsimamia njiani na kuanza kumuuliza habari za goti lake, goti ambalo Natvar akianza kulielezea huwa halimaliziki. Huko juu Rasik akakuta mkewe ameshazungusha hadi namba kumi na moja, akasubiri, akafyatua. Kwa kawaida yake akaiacha kamera hivyo hivyo. Akamtoa Bhupat kwa mlango wa nyuma, akaja mbele kumwita mkewe, na walipopishana mlangoni kulikuwa na nafasi ya maneno mawili tu.

"Umepiga?"

"Nimepiga."

Natvar akakaa upande wake, karibu na ngazi. Mama Hira akamgeukia, akamwekea mkono gotini, lile goti lenyewe. Kokila akachungulia. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kwa hiyo akafyatua. Kisha, kwa kuwa mkanda umekwisha, akauzungusha wote mpaka mwisho bila hata kutazama namba, akautoa, akaulamba utepe wake wa gundi na kuufunga. Alikwenda nyumbani anaimba.

Jumatatu waliusafisha mkanda bafuni, kama kawaida yao, wakautundika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Rasik akavaa miwani, akaanza kuhesabu kutoka juu: papadi, kinyozi, ng'ombe. Alipofika chini kabisa akausogeza mkanda kwenye mwanga.

"Ya kumi na mbili haina kitu."

"Haina kitu vipi?"

"Tupu. Unaweza kuona mtaa wote kupitia humo." Akakodolea ile ya kumi na moja. "Na hii ina watu wengi."

Wakatazamana.

"Ulizungusha ulipomaliza?" aliuliza Kokila.

"Mimi huzungusha kabla! Wewe ulizungusha kabla ya kupiga?"

"Mimi huzungusha nikimaliza! Miaka thelathini huzungusha nikimaliza!"

"Basi," alisema Rasik taratibu, "hakuna aliyezungusha."

Kokila akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia. Alilia kweli, kwa sababu mtu akikuomba kitu kimoja katika umri ule hutaki kumrudia na ukungu. Ile sauti ya "mbili, basi" ilikuwa bado masikioni mwake, na sasa hata hizo mbili hazikuwepo. Rasik akaenda kupika chai. Alipomaliza kupika akaziba madirisha ya jikoni kwa mablanketi, akawasha taa nyekundu.

"Njoo tuitoe kwenye karatasi angalau tuone tumeharibu kiasi gani."

Wakaitumbukiza karatasi kwenye sinia la dawa. Minyororo ya shaba ndiyo iliyotangulia kutokea. Kisha akatokea Bhupat upande wa dirishani, mzima mzima. Kisha, upande wa ngazi, Natvar naye mzima mzima, maana ukuta mweusi uliokuwa nyuma yao ulimpokea kila mmoja bila kumchafua mwenzake. Mwisho akatokea Mama Hira katikati, na hapo Rasik akaanza kucheka mpaka ikabidi ashike meza.

"Usicheke," alisema Kokila, lakini mabega yake mwenyewe yalikuwa yanatikisika. Kisha akakumbuka, mabega yakatulia. "Ataitupa. Amesema hataki ya kubandikwa. Ya kwanza alimpa ng'ombe, na hii atampa."

"Sisi hatukubandika."

"Nenda kamweleze wewe."

Siku ya kuzaliwa ikawa Alhamisi. Nyumba ilinukia samli na iliki, na majirani walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi zote mbili. Mama Hira alikuwa amesema kwamba siku hiyo anayetaka baraka zake ataingia chumbani, awe nani na amkute nani ndani. Kwa hiyo Bhupat alisimama dirishani akitazama nje, na Natvar alisimama ngazini akitazama dari. Kokila akapita katikati yao na bahasha.

"Mama, kabla hujafungua," alisema. "Tumeharibu. Mimi na Rasik. Hatukuzungusha mkanda, picha zikapandana. Mkanda mpya umefika leo asubuhi, nitapiga upya, nakuomba radhi."

Mama Hira akavaa miwani, akaitoa picha. Majirani wakasogea. Natvar akanyoosha shingo, Bhupat akageuka kidogo, na wote wawili wakaona kwa wakati mmoja.

"Mimi sikukaa na huyu!" alifoka Bhupat.

"Hata mimi sikumwona!" alifoka Natvar. "Haya mambo ya kompyuta!"

"Nyamazeni." Mama Hira hakuinua macho. "Bhupat. Jumapili ulikaa hapa ubavuni kwangu, au hukukaa?"

"Nilikaa, Mama, lakini..."

"Natvar. Ulikaa?"

"Nilikaa."

"Na mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, Mama."

"Basi uongo uko wapi?"

Mama Hira akaileta picha karibu na pua. Pale katikati alikuwa na mwili mmoja na nyuso mbili, moja ikimtazama Bhupat, nyingine ikimtazama Natvar. Mkono mmoja ulikuwa begani kwa mkubwa, mwingine gotini kwa mdogo, na wa tatu umetulia mapajani kana kwamba hauna habari.

"Mikono mitatu," alisema. "Ndiyo inayohitajika. Mama wa wana wenye vichwa vigumu namna hii, mikono miwili haimtoshi."

Majirani wakalipuka kwa kicheko, na muuza fafda aliyekuwa mlangoni akapiga makofi. Lakini Mama Hira alikuwa hajamaliza. Akagonga picha kwa ukucha.

"Na tazameni hiyo midomo yenu. Njooni hapa mtazame."

Wakaja, kila mmoja kwa upande wake. Kwenye picha, Bhupat alikuwa amegeukia ngazini, kule ilikotoka sauti ya mdogo wake. Natvar alikuwa amegeukia dirishani, kule mlio wa viatu vya kaka yake ulikokuwa unaishilizia. Kwa hiyo walikuwa wanatazamana uso kwa uso, nyusi moja juu, mdomo umevutwa pembeni, sawasawa kama watoto wawili walionyimwa peremende. Na ukutani, ndani ya fremu yake, baba yao alikuwa na nyusi ile ile na mdomo ule ule.

Natvar ndiye aliyeanza. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko. Bhupat akamkazia macho, nyusi yake ikapanda, na kwa kupanda huko akafanana na picha zaidi. Natvar akashindwa kabisa, akakaa chini kwenye bembea, upande wake, akishika tumbo.

"Kaka, nyusi! Ishushe hiyo nyusi, nitakufa!"

Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia moja kwa moja tangu ile Januari. Bhupat alisimama pale, ameshika picha, na masharubu yake yakaanza kucheza. Kisha naye akakaa, upande wa dirishani, kwa uzito, mpaka minyororo ikalia. Akaitazama picha tena na asimtazame mtu.

"Mke wangu anasinzia," alisema.

"Nini?"

"Kwenye kigurudumu cha uzi. Anasinzia. Mwaka jana nimepoteza tiara nne kwa sababu ya usingizi wake." Akajikuna shingo. "Nasema tu. Ikifika Januari."

Natvar akaacha kucheka. Alijifuta macho kwa mkono wa shati, na haikujulikana ni machozi ya kicheko au ya nini.

"Nitakushikia," alisema. "Lakini siahidi kunyamaza."

"Lini uliwahi kunyamaza wewe?"

Mama Hira, katikati yao, alikuwa amewashika wote wawili mikono na analia waziwazi bila kujifuta, anatabasamu. Rasik akamsukuma mkewe kwa kiwiko, na Kokila akazinduka. Akainua kamera.

"Mama, sasa wamekaa kweli! Subiri niwapige ile iliyonyooka, ndiyo utaitundika."

"Piga ukitaka. Ya ukutani nimeshapata." Akamkabidhi jirani picha ile yenye mikono mitatu aipeleke kwenye msumari, pembeni ya baba yao. "Hii walikaa bila kulazimishwa na mtu."

"Haya, basi tulieni. Kaka Natvar, sogea kushoto kidogo. Siyo huko, kushoto! Na Mama, nakuomba, kidole!"

"Leo kidole hakipumziki," alisema Mama Hira, na kwa kidole gumba chake akaisukuma bembea. Ikaenda mbele na wote watatu, ikarudi nyuma, Bhupat akang'ang'ania mnyororo, Natvar akapiga yowe la tiara, na mtaa ukaitikia kutoka ngazini.

Kokila alijua picha itakuwa ukungu mtupu, lakini akafyatua.

"Umezungusha?" Rasik alimuuliza sikioni.

Kokila akaitazama kamera, akaitazama bembea ikija tena.

"Sikumbuki," alisema, akafyatua nyingine.